Chini ya Meza, Siku ya Kwanza Chuoni

Nimeanza chuo hapa London nikiwa na miaka hamsini na moja, na nyumbani sikumwambia mtu. Nilijua nitashindwa tu, sasa ya nini kujitangaza? Binti yangu Rehema, anayesoma mwaka wa tatu chuo hicho hicho, alijua niko kazini.

Siku ya kwanza wakaingia darasani wanafunzi wa miaka ya juu kutukaribisha. Mmoja wao, Rehema. Nikazama chini ya meza, eti natafuta kalamu. Akaanza kuita majina. Alipofika langu, akasita.

“Zuhura Mfaume?”

Akarudia, taratibu.

“Yupo chini ya meza,” akasema msichana niliyekaa naye.

Rehema akaja, akainama. “Mum?”

Nami, mama yake mzazi, nikaitika, “Abee.”