Gunia la Vikombe

Mpaka leo nikilikumbuka hili damu inanichemka.

Shangazi yangu alikuwa mwosha vikombe pale mgahawa wa kona. Msiidharau kazi hiyo. Ukutani kulipigwa misumari, na kila mteja wa kila siku alikuwa na kikombe chake kinaning'inia: fundi cherehani cha bluu chenye pengo, mwalimu cha bati chenye maua. Ukiingia tu, shangazi kishakichukua chako, kishakisuuza kwa maji ya moto. "We Mwalimu, jana uliacha sukari yote chini. Nyumbani kwema?" Watu wanacheka, wanakunywa, wanaenda zao.

Basi tajiri, mwenye mgahawa, akaja na mambo yake. Vikombe vya karatasi, na vifuniko vya plastiki juu! Eti watu wana haraka. Haraka ya kwenda wapi, jamani? Duka la fundi liko mlango wa tatu! Lakini wote wakafurahi. Wakaandikiwa majina ubavuni mwa vikombe kwa kalamu nene, wakawa wanatembea navyo barabarani kwa maringo. Vikombe vyao vya zamani vikatupwa stoo, na shangazi akaambiwa, "Dada, hakuna cha kuosha tena. Kapumzike." Kapumzike! Yaani kumfukuza mtu huku unamchekea.

Akarudi nyumbani kumuuguza bibi, mama yake. Kifua kilikuwa kinambana, na daktari alishaonya kwamba unyevunyevu utammaliza. Chumba chao kiko chini kabisa mtaani, na mtaro wa barabara unapita mlangoni.

Mvua ikanyesha. Nilipofika asubuhi, maji yalikuwa yamefika kwenye godoro, bibi amekalishwa juu ya meza, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Shangazi yuko nje, mkono mpaka begani ndani ya mtaro, anavuta. Kikombe. Kifuniko. Kikombe tena. Mimi nikaingiza mkono kumsaidia kuvuta. Yeye alitukana matusi ambayo sitayarudia hapa.

Tukamhamishia bibi kwa jirani wa juu. "Lete gunia," shangazi akasema.

Tukaingia mgahawani tunanuka tope. Hodi hakupiga. Akalimwaga gunia lote juu ya kaunta. "Tajiri, mzigo wako huu. Uliusahau kwangu."

Wateja wakaangua kicheko, na fundi aliwashinda wote. "Mpe, dada! Huyu katuchafulia mtaa!"

Shangazi akaokota kikombe kimoja, akakifuta tope kwa gauni lake, akamsogezea fundi puani. "Soma."

Kimeandikwa Fundi. Akaokota kingine: Mwalimu. Kingine: Fundi tena. Kicheko kikakatika.

"Mama yangu mnamjua," akasema. "Hakuna hapa ambaye hajala kwake. Leo kalala kwa watu, kifua kinapiga filimbi, kwa sababu ninyi mmeshindwa kukaa kitako mkanywa kahawa kama binadamu!"

Akaingia stoo, akatoka na boksi la vikombe vya zamani, akamgawia kila mtu chake. Mimi nikazoa vile vya karatasi kuvirudisha guniani. Fundi akapokea kile cha bluu, akajichekesha. "Haya, dada, nimiminie humu humu, yaishe."

"Nikumiminie nini? Maji bado yamejaa chumbani kwa mama. Twende ukayachote."

Na walienda. Watu wazima, suruali zimekunjwa magotini, wanachota maji na kuyamwaga nje, kikombe kwa kikombe. Hakuna aliyethubutu kutania. Tajiri alifuata nyuma, akasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa.

"Mimi sina kikombe hapa," akasema.

"Unacho." Shangazi akampa kimoja cha karatasi kutoka guniani.

Akainama, akachota. Kikombe kikalegea, kikabonyea mkononi, maji yakammwagikia viatuni. Akamtazama shangazi.

Shangazi akamsogezea gunia. "Chukua kingine. Viko vingi."