Mtoto Aliyezaliwa Mwaka 1998

Mwaka 2019, masika yakielekea kwisha, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, nilisoma katika gazeti la michezo kwamba mwanangu wa mwisho alizaliwa tarehe 14 Machi 2001. Nilisoma mara tatu. Mimi nilimzaa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, nyumbani kwetu Kirua Vunjo, na baba yake alifariki tarehe 2 Agosti 1999. Kwa hesabu ya gazeti lile, nilijifungua miezi kumi na tisa na siku kumi na mbili baada ya kufiwa na mume wangu.

Mwingine angesema mchapaji amekosea. Mimi sikuweza kuipuuza tarehe. Utotoni sikusoma, nilianza kujifunza kuandika mwaka 2001, mjane wa miaka thelathini na mitatu, katika darasa la watu wazima lililokutana kwenye ukumbi wa usharika. Jambo la kwanza nililoandika bila kusaidiwa lilikuwa siku ya kifo cha mume wangu. Mwaka huohuo ambao gazeti lilisema ndio wa kuzaliwa kwake, mwanangu alikuwa akikaa chini ya benchi langu, ana miaka mitatu, akipiga teke chungwa bovu mpaka mwalimu akamtoa nje. Mwaka 2009 nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu.

Sikuwa mama wa kuzuia mpira. Viatu vyake vya kwanza nilivinunua mimi, katika mitumba ya Moshi mjini, tarehe 20 Desemba 2008, na kwa kuwa vilikuwa vikubwa tulivijaza vitambaa. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anapandisha mlima mbio hadi kwenye mfereji wa juu na kurudi, kisha anakata majani ya ng'ombe kabla ya shule. Hakuna aliyemtuma kukimbia. Akishindwa mechi hakulia wala kulaumu mwamuzi. Alirudi uwanjani kesho yake, peke yake, akarudia kosa lile mpaka likamtoka mguuni. Nilijivunia moyo huo. Alipochukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam, na baadaye kuonekana katika televisheni, kila alipofunga alinyoosha kidole juu, na watu wote wa usharika walijua kwamba anamnyooshea baba yake. Katika gazeti lilelile la mwaka 2019 alikuwa amesema: "Familia kwanza. Kila nilicho nacho ni kwa ajili ya mama."

Ligi ilipokwisha alikuja nyumbani. Nikamwekea gazeti juu ya meza.

"Mama, hiyo ni karatasi tu," alisema.

"Karatasi gani hiyo, inayonizalisha na mtu aliye kaburini?"

Akacheka. "Mama nawe! Nani atakaa kuhesabu?"

"Mimi nimehesabu."

"Wewe unahesabu hata mikungu ya ndizi ya jirani."

Kisha akaacha mzaha. Wakala wake alikuwa amempatia timu Ulaya. Timu ilitaka kijana wa miaka kumi na minane, naye alikuwa na ishirini na mmoja. "Huko mpira ni umri, mama. Mwenye ishirini na mmoja asiye na jina wanamwona mzee. Wamenipunguzia mitatu tu."

"Na baba yako?"

"Baba angenielewa."

Ningeweza kuinyamazia aibu hiyo kama ingebaki gazetini. Lakini mwaka huo kijiji kilikuwa kikiandaa hatimiliki za kimila, na kila ukoo uliitwa kutaja mrithi wa kila kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba na makaburi ya wenyewe. Kwetu kihamba cha baba huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na mama mjane hubaki humo chini ya mwanawe. Mabinti zangu wawili wameolewa. Wa kiume ni huyo mmoja. Kaka wa marehemu mume wangu, ambaye shamba lake limepakana na letu, akaja na gazeti lililokunjwa katika mfuko wa koti.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Gazeti ndilo lenye maneno."

"Wewe ulikuwepo siku ya ubatizo wake. Ulikula nyama."

"Nimekula nyama nyingi, shemeji, zote nitazikumbuka? Ninachojua, hata ng'ombe habebi mimba miezi kumi na tisa."

Tarehe 15 Julai alifungua shauri katika baraza la kata. Dai lake lilikuwa fupi: marehemu hakuacha mtoto wa kiume, hivyo kihamba kirudi kwake. Sikukosa usingizi kwa kuogopa kupoteza kahawa na ndizi. Nililolihofia ni kwamba dai likikubaliwa, ingeandikwa katika kumbukumbu za serikali kwamba nilichukua mimba kabla mwaka wa msiba haujaisha, mimi niliyekaa ujane wangu miaka ishirini bila mtu kunitaja. Nikaenda ofisi ya usharika, nikapewa nakala ya kitabu cha ubatizo: Jumapili, tarehe 7 Juni 1998, na sahihi ya baba wa mtoto.

Mwanangu aliposikia hivyo alinipigia simu. "Mama, usiitoe hiyo. Watu wa mpira wakiiona nimekwisha. Mwachie baba mkubwa hicho kihamba, nitakujengea nyumba Moshi mjini. Ya vigae, maji ndani."

"Na heshima yangu utaijengea wapi?"

Nilisikia wenzake wakicheka nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Jumapili, tarehe 8 Septemba, mwanangu alipanda kwa miguu kutoka barabarani, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu mtu anayekuja na isale anakiri kosa na kuomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Nikalipokea. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu mwenyewe. Nilimpikia machalari, ndizi zetu za nyama, akala sahani mbili, akaniambia nimekonda. Desturi inataka kosa litajwe kwa sauti kabla isale halijapokelewa. Mimi ninayedai tarehe kwa kila jambo sikudai kosa litajwe, nilidhani ninalijua.

Baraza liliketi Ijumaa, tarehe 13 Septemba 2019. Shemeji yangu alipoulizwa kama ana shahidi, alisema anaye, na mlangoni akaingia mwanangu.

Alikuwa amevaa shati jeupe nililompigia pasi siku ile ya Jumapili. Akaapa.

"Kijana, umezaliwa lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Tarehe 14 Machi 2001."

"Marehemu huyu unamfahamu?"

"Sikumkuta."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Jamani, mama mzazi kakaa hapa!" Karani akamnyamazisha. Mimi nilikuwa nikifikiria jani lile. Isale huletwa baada ya kosa. Mwanangu alilileta siku tano kabla, akajichukulia msamaha wangu akiba.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikatoa nakala ya ubatizo, nikataja siku ya ndoa, siku ya kuzaliwa na siku ya msiba. Sikumtaja shahidi. Wajumbe walitoka kwa nusu saa.

Waliporudi, mwenyekiti alisoma taratibu. Baraza limeridhika na kitabu cha kanisa kwamba marehemu aliacha mtoto wa mwisho wa kiume, aliyezaliwa katika ndoa tarehe 14 Machi 1998. Mjane hana doa. Kaka wa marehemu hana haki katika kihamba. Kwa mila, kihamba ni cha mtoto huyo; lakini shahidi aliyefika leo ameapa kwamba yeye siye, na baraza haliwezi kumpa mtu haki anayoikana kwa kiapo. Kwa hiyo kihamba kitakuwa mikononi mwa mama yake mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka 1998 atakapofika na kuidai haki yake.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa utaratibu ni lazima niulize. Mtoto huyo yumo humu ndani?"

Shemeji yangu alitazama sakafu. Mwanangu alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, kofia yake juu ya goti. Mwenyekiti aliuliza mara ya pili, kisha akamwambia karani aandike kwamba hakujitokeza mtu.