Gogo Lililosomewa Yasini

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaweza kufunga Ramadhani nzima, gogo la mti lilikaribia kuvunja harusi ya dada yangu. Nikilisimulia jambo hili wajukuu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hata sisi wenyewe tulicheka, ingawa si mwanzoni.

Kwetu ni Kuze, Mombasa. Siku zile, miaka michache baada ya Uhuru, baba mwenye uwezo hakumwoza bintiye bila ya kumpa mahali pake pa kukaa. Baba alikuwa na duka la nguo Ndia Kuu, na alipokubali posa ya dada Zuhura alianza kujenga chumba juu ya nyumba yetu. Kuta zikasimama, boriti zikalazwa, ukabaki mlango. Na mlango kwetu si kitu cha kufungia tu. Wakwe wakija huutazama kwanza mlango, ndipo wamtazame bibi harusi. Zuhura alilijua hilo vizuri. Alikwisha kuchagua maua ya kuchongwa, na kila alasiri aliteremka kumwuliza fundi ataanza lini, hata Nyanya, mamake Baba, akamwambia awe na haya kidogo.

Gogo Baba alilinunua Shimanzi, kwa mfanyabiashara wa mbao. Lilikuwa la mbambakofi, nene, zito, na gome lake bado liko. Lilikuja kwa mkokoteni, mahamali wakiimba na kutukana kwa zamu, likalazwa kando ya baraza yetu. Sisi watoto tulilifanya farasi. Upande mmoja gome lilikuwa na mkunjo mrefu, na ndani ya mkunjo mlikuwa na kipande cha kaniki kilichomezwa na mti kwa miaka mingi. Tulipokivuta kilitoka nyuzi nyuzi. Baba alisema huenda ni alama ya mwenye mbao, akaenda zake dukani.

Kisha akaja Nyanya Kadzo.

Huyu hakuwa wa damu yetu kwa kuzaliwa. Alikuwa Mrabai, mjane, anakaa bara, karibu na msitu wa matambiko ambao wazee wao huuita kaya. Marehemu mumewe na marehemu babu yangu walikuwa wamechanjiana chale, kila mmoja akala damu ya mwenzake kwa kipande cha ini, na tangu hapo nyumba hizi mbili zikawa moja. Ndugu wa chale hakunyimi chakula, nawe humkatalii chakula chake. Iliaminiwa kwamba atakayevunja kiapo hicho huvimba tumbo mpaka afe. Kwa hiyo Nyanya Kadzo na Nyanya wetu waliitana wake wenza, na walitaniana vibaya sana.

"Hodi! Huyu mke mwenzangu bado hajafa?" ndivyo alivyobisha. "Mimi nimekuja kula pilau ya hitima!"

"Pita ndani, mwanga wee," Nyanya alijibu. "Utatangulia wewe, na nazi zako nitazila mimi."

Siku ile alikuja na nazi za harusi. Alifika barazani akicheka, akaliona gogo, kicheko kikakatika. Alitua kikapu. Akalipapasa lile gome mpaka akaufikia mkunjo, akatia kidole, akatoa uzi mweusi uliobaki. Alikaa chini pale pale kichochoroni akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa sijapata kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile pasipo na msiba.

"Nguo hii aliifunga mume wangu," alisema. "Mwaka wa ukame ule. Mti huu ni wa mlango wa kaya. Wameukata sisi tuko mazishini."

Nyanya alimwinua, akamwambia aingie ndani anywe hata maji.

"Siwezi, mke mwenzangu. Kitokacho kule hurudi kule, kikaoza kule. Nyumba itakayoingia mti huu, mimi siingii." Akaziacha nazi zake barazani, akaenda.

Baba aliporudi adhuhuri alikuta nyumba imenuna. Alimsikiliza mamake mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, sisi ni Waislamu. Mti ni mti. Wataka nimwambie mkwe wangu harusi imezuiwa na mzimu?"

"Na babako alipolila ini lile alikuwa nani, Mhindi?" Nyanya akamjibu. "Sikuambii uabudu mti. Nakwambia mamako Kadzo hakunywa maji kwangu. Asipokula yeye, mimi sioshi mtele wa harusi hii, na tuone ni nani atakayepika."

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Nilimwona akiuma upindo wa leso.

Baba hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa mtu wa kutafuta njia ya katikati, na njia aliyoiona ni hii: alialika wanafunzi wa chuo cha Kurani pamoja na mwalimu wao, akafukiza udi, gogo likasomewa Yasini pale barazani, na sisi tukala kaimati mpaka vidole vikanata. Mwalimu alisoma huku akimtazama Baba kwa jicho la pembeni, lakini alisoma. Baada ya hapo Baba alitumana Nyanya Kadzo aitwe. Nuksi imeondoka, alisema, mti umesafishwa, mama na aje ale.

Nyanya Kadzo alikuja. Alisimama mbali kidogo, akasikiliza habari ya udi na Yasini, akauliza kwa upole, "Mumeusomea kweli?"

"Tumeusomea, mama," Baba akasema kwa furaha. "Mwanzo hadi mwisho."

"Kwenu husomewa nani Yasini, mwanangu?"

Mtu yeyote wa Kuze angejua jibu. Husomewa mgonjwa aliye taabani, na husomewa maiti.

"Basi mumenisaidia," akasema Nyanya Kadzo. "Sisi tulikuwa tunaulilia tu. Nyinyi mumeusomea. Na aliyesomewa hawekwi barazani akachongwa maua. Huzikwa kwao."

Nyanya wetu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na Baba, aliyejitia mtegoni kwa mkono wake mwenyewe, akashindwa kujizuia. Nyanya Kadzo naye akacheka, machozi yakimtoka, na sikujua ni machozi ya kicheko au ya mti. Zuhura peke yake hakucheka. Alipanda juu kwenye chumba chake kisicho na mlango, na tulimsikia akilia.

Gogo lilirudishwa kwa lori. Mimi nilikwenda kwa kuwa nililia mpaka nikachukuliwa. Hatukuingizwa ndani kabisa ya kaya; tuliishia ukingoni, tukaambiwa tuvue viatu na tusinyanyue sauti. Ninachokumbuka zaidi ni baridi. Nje jua lilikuwa linachoma, na hatua chache tu ndani ya miti ngozi ikanisisimka. Majani makavu yalikuwa laini miguuni, na chini yake udongo ulikuwa na unyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Kisha tukafika kwenye kisiki. Juu yake palikuwa na tundu la mbingu, na jua lilipopita hapo udongo ulikuwa umeshapasuka.

Wazee walilipokea gogo bila ya kutushukuru. Baba alisimama akitazama juu, kisha akatazama kisiki, kisha juu tena.

"Mvua hulala humu," Nyanya Kadzo alimwambia. "Mukiibomolea nyumba, itahama."

Mbao nyingine haikupatikana kwa wakati, na Zuhura aliolewa kwa pazia badala ya mlango. Nyanya Kadzo alikula pilau sahani mbili. Wakwe walitazama mahali pa mlango, wakatazamana, na dada yangu alivumilia macho yale akiwa amevaa dhahabu zake zote. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kama alimsamehe Baba. Alisema siku ile alimchukia, hasa kwa sababu ya kile kicheko. Kisha akasema, "Lakini Nyanya Kadzo alikula." Nadhani alikuwa amesamehe.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mvua imehama. Nimeishi vya kutosha kuiona masika ikichelewa, ikikosa, au ikija siku moja kwa hasira na kuigharikisha Kuze yote. Visima vya mtaani tulivyochota utotoni vimeingia chumvi. Wasomi wana maelezo yao, nami nayaamini. Msitu ule umebaki kama mkeka katikati ya uwanja, na pande zote ni machimbo na mashamba. Kama mizimu ipo au haipo, mimi sijui, na dini yangu hainiruhusu kuitafuta. Ninachokijua ni kwamba miti iliyoogopwa ndiyo iliyobaki. Ile tuliyoambiwa ni miti tu imekwisha kuwa milango na makaa, na mimi mwenyewe nimepikia makaa hayo.

Mwaka jana nilikwenda tena. Mjukuu wa Nyanya Kadzo yumo katika kikundi cha vijana wanaotunza kaya na kuotesha miche ya miti ya asili. Alinishika mkono akanipeleka pale. Kisiki kimeoza, na gogo letu halipo tena, limekuwa udongo. Tulilirudisha, tukasamehewa, tukala pamoja, na mti wenyewe haukurudi. Kando yake vijana wamepanda mbambakofi. Unanifika kiunoni.

"Utachukua muda gani kuwa mkubwa?" nilimwuliza.

Alinitazama kwa huruma, maana yeye ni kijana na mimi ni mzee. "Hata mimi sitauona, Nyanya," alisema.

Nilikuwa na maji yamebaki kidogo kwenye chupa, na safari ya kurudi Mombasa ilikuwa ndefu. Niliyamwaga yote shinani.