Akina Kambere wa Malachie

Malachie huchora vibao vya saluni na maduka huko Mususa, Butembo, na hajawahi kujiita msanii. Basi mwalimu Josée alipokusanya visa vifupi vya kweli vya watu waliokimbia vita, akamwomba avichoree picha, alikubali kwa mikono miwili. Ole wake.

Kitabu kilipotoka, kila mtu alikuwa na lake. Watoto walimcheka mbuzi mwenye miguu mirefu kuliko ya ngamia. Katekista alinung'unika kwamba, katika picha ya kanisa, watakatifu wa ukutani wamechorwa wamekonda. Malachie alicheka nao, maana kazi ya kutazamwa ni lazima isemwe.

Kilichomshinda ni kisa cha kijana aliyetekwa karibu na Kamango, kisha akarudi kwao mzima. Ili asijulikane, Josée alimbadilisha jina akamwita Kambere. Alidhani amemficha vizuri: Wanande, watu wa huko, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, na kila mtaa umejaa akina Kambere. Haikuwajia akilini, yeye wala Malachie, kwamba wengi wao bado wanangojwa nyumbani.

Mama Germaine alitoka Bungulu, kule Beni, akaja kwa Malachie, kitabu kifuani. Mwanawe Kambere alikwenda shambani Kamango na hakurudi. Alifungua ukurasa, akaweka kidole juu ya uso wa kijana.

« Ulimuonea wapi? »

« Mama, huyu hapana wako. Hii sura nilitoa mu kichwa yangu tu. »

« Na hii kovu? Wangu eko nayo, palepale. »

Kovu lile Malachie alilitia ili uso usiwe mtupu. Sasa angetoa chochote alifute.

« Mama, mwenye hii histoire ya mu kitabu ni mutu mwingine. Namujua. Alisharudiaka kwabo. »

« Kama unamujua, basi sema jina yake. »

Malachie akafungua kinywa, akakifunga. Walimwapia kijana yule kwamba hawatamtaja kwa mtu yeyote, na waliomteka bado wako porini. Jina moja lingemaliza maneno, nalo halikuwa lake kulitoa. Akainamisha kichwa kwa aibu.

Germaine akatabasamu. Kimya kile kilimtosha kuamini kwamba mwanawe yu hai.

« Nimesikia, mutoto yangu. Balikukataza kusema. Hapana ogopa, sitauliza tena. »

« Mais mama, hapana vile... »

Hakumsikiliza. Alitoa sweta mpya kikapuni, akamwekea mapajani.

« Umupatie. Tena umuambie, papa yake alishakufa. Hakuna tena mwenye kumukasirikia. Arudie tu. »

Malachie alitaka kuirudisha sweta. Ukweli aliomweleza mama hakuuamini, na ule ambao angeuamini, jina la kijana, Malachie hakuweza kuusema. Mama alikuwa bado amesimama, anamngoja.

« Ndiyo, mama, » akasema. « Nitamuambia. »