Mahindi Yaliyokatazwa Kuku

Nunow Dagane alikulia nyuma ya ngamia huko Sangailu, na alisifika kwa kumdharau kila kiumbe asiyetoa maziwa. Vita vya shifta, waasi wa mpakani, vilipopamba moto, serikali ikamnyang'anya ngamia wake wote, kwa kosa la kuwa ngamia. Yeye mwenyewe akaswagwa pamoja na mkewe Kaaha na watoto hadi kwenye kijiji cha seng'enge nje ya Garissa. Huko Bwana Shauri, ofisa wa serikali kutoka bara aliyependa mayai kuliko amani, alimtazama akasema, "Huyu anajua mifugo." Akampa kuku wake awatunze.

Jamani, fedheha hiyo! Kwa watu wa Nunow, mla kuku na mla kunguru ni ndugu wa tumbo moja. Mashemeji zake walimbandika jina la Baba Kuku, na kila akipita waliwika. Lakini kazi ile ilikuwa na kibali cha kutoka nje ya seng'enge kila asubuhi, na kati ya waliofungiwa mwenye kibali ni sultani. Nunow akameza aibu yake.

Tatizo lilikuja na mahindi. Mvua iliharibu barabara, malori yakalala njiani kwa hofu ya mabomu, na magunia yalipofika yalikuwa yanafuka joto, punje zimeota ukungu wa kijani. Karani wa ghala akayagawa kwa busara zake: makavu machache yaliyosalia yawe ya kuku wa Bwana Shauri, yenye ukungu yawe posho ya kijiji. Kaaha alipopika chungu cha kwanza, kitinda mimba wao alionja akatema.

Nunow akafuata sheria ya wafugaji wote, kwamba kizuri ni cha mtu na kibovu ni cha mnyama.

"Na hawa hata wanyama si wanyama," alimwambia mkewe.

Kila asubuhi alitoka na posho ya kijani ndani ya kikoi, akawamwagia kuku, na jioni akarudi na mahindi yao safi. Watoto wakala wakashiba. Nunow alijiona mjanja kupita sungura, na dhamiri yake ikalala usingizi mnono.

Kisha vifaranga wakaanza kufa. Wakafuata mitetea, shingo zimepinda, mbawa zinaburuta. Bwana Shauri hakuwa na shaka: shifta wamewatilia kuku sumu! Askari wenye bunduki wakazunguka banda, na jogoo akafa chini ya ulinzi mkali kabisa. Nunow akapiga hesabu. Ikijulikana amebadilisha chakula cha kuku wa serikali, kibali kitakwenda, naye atakwenda kizuizini, na Kaaha atabaki na chungu cha ukungu.

Akaitwa daktari wa mifugo kutoka bara. Akampasua jogoo, akatazama ini lililopauka, akanusa chakula.

"Ni sumu ya ukungu," alisema. "Huwezi kuiona, na hata ukipika haitoki. Haya mahindi yametoka wapi?"

"Ghala ya serikali, daktari," Nunow alijibu. Wala hakusema uongo.

Karani alikohoa, akakiri kwamba yapo mengi ya namna hiyo. Nunow akapumua. Lakini akamkumbuka kitinda mimba wake na lile tonge la kwanza.

"Daktari, na kama mtu anakula?"

"Mimi ni daktari wa mifugo," alijibu yule bwana, akanawa mikono.

Amri zikatoka siku hiyo hiyo. Wakaletwa kuku wapya. Mahindi yao yaanikwe juani kwenye turubai, yachambuliwe kwa mkono, yawekwe juu ya mbao yasiguse ardhi, na askari ayapime asubuhi na jioni. Yenye ukungu ni marufuku, hata punje moja.

"Hayo ya ukungu tuyapeleke wapi, bwana?" karani aliuliza.

"Kwani kijiji hakili?" alisema Bwana Shauri.

Siku ya posho Nunow alifika mbele ya foleni, akachungulia ndani ya gunia. Ukijani ulikuwa ule ule. Alikuwa ameshinda juani akichambua mahindi ya kuku, na vidole vyake vilikuwa vinaujua.

"Karani, hii ndio ile daktari alikataza."

"Aliwakataza kuku."

Mashemeji zake Nunow walikuwa nyuma yake, masikio wazi. Aibu yote ya miezi ile ikamtoka kinywani mbele ya watu.

"Basi andika mimi kuku," alisema. "Andika Kaaha kuku. Watoto yangu yote, andika kuku."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mashemeji wakawika. Karani naye akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akachota kopo la kijani, akammiminia Nunow, akasema, "Anayefuata."

Shemeji aliyefuata akakinga kikapu chake. Huyo hakuwika tena.