Mapichi ya Mama na Mtani Wangu

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi ile niliyofunga sanduku langu la mbao nikatoka chuoni bila kuaga mtu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Chuo kilikuwa kidogo, hapa chini ya milima yetu ya Uluguru, cha kufundishia makarani wa mabaraza. Tuliosoma pale tulikuwa watu wazima tuliokwisha kuonja kazi, wengine wana wake na watoto. Mimi nilikuwa na elimu ya shule ya msingi tu, na mkono mzito wa kuandika. Mwalimu alifuta ubao mimi bado niko katikati.

Usidhani chuo kilitunyima kitu. Palikuwa na chumba cha vitabu kilichowashiwa karabai kila jioni. Palikuwa na redio barazani na kiwanja cha mpira, na siku nyingine watu walibaki bwaloni baada ya chakula wakishindana kwa hoja. Vyote hivyo nilivipita kwa mbali, kama mtu apitaye harusi asiyoalikwa. Niliona haya. Niliogopa wenzangu wataona jinsi midomo yangu inavyocheza nikisoma. Basi nilikula haraka nikarudi kitandani, na mtihani wa katikati unakuja. Atakayeshindwa atarudishwa kwao. Nafasi ile Mjomba alikuwa ameihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha, na wajua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto.

Ijumaa moja mama akaniletea kapu la mapichi kutoka Mgeta, kwa mkono wa mchuuzi wa mboga. Niliingia nalo bwaloni nikitafuta kona. Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye sauti kama ngoma, akalinyakua.

"Jamani, mtumwa wangu kaleta kodi!" akapaza sauti. "Niliwaambia huyu Mluguru ana mkia, ndiyo maana haketi na watu. Njooni mle, mali ya mtumwa ni ya bwana!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Akagawa meza kwa meza, hata mpishi akapata lake. Mwisho akaniwekea moja mbele yangu. "Na wewe kula, usije ukanishtaki kwa mama."

Sikula. Asubuhi nikashika njia ya mlimani, sanduku kichwani.

Mjomba nilimkuta kwenye matuta yake, anapalilia kabichi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Chuo kimefungwa?"

Nikamweleza yote, na machozi yakanitoka. Nilipomaliza akauliza, "Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikula peke yake?"

"Aligawa bwalo zima."

"Kabila gani?"

"Mnyamwezi, Mjomba."

Mzee akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mtani wako kakukaribisha nyumbani, wewe umefunga sanduku!"

Utani wetu na Wanyamwezi niliujua, mwanangu, lakini kwa kuusikia. Nilidhani ni mambo ya wazee misibani, si ya watu wa kalamu na madaftari.

Kisha Mjomba akaacha kucheka. "Baba yako alipofia kule bondeni kwenye mkonge, unajua nani aliingia kaburini kumpokea? Mnyamwezi. Walitukanana miaka yote wakikata mkonge pamoja. Sisi ndugu tulifika tumechoka, tunalia, hatuna nguvu hata ya kushika koleo. Yule bwana alichimba huku akimtukana marehemu kwamba hata kufa kachelewa. Tukacheka, mpwa wangu. Tukacheka tukaweza kumzika. Sasa wewe, mwana wa marehemu yule, unamkimbia Mnyamwezi kwa ajili ya mapichi?"

Nikainama.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Kesho baada ya misa urudi. Na ukifika ulipize, la sivyo atadhani huku mlimani hatujui utani."

Njia nzima ya kuteremka nilikuwa napanga maneno. Jioni nikaingia bwaloni, nikaenda moja kwa moja hadi kwa Maganga. Nikachukua kipande cha nyama sahanini pake.

"Mnyamwezi," nikasema, "babu zako walizoea mizigo ya misafara. Nyama hii nyepesi mno kwako, acha nikupokee."

Maganga akapiga meza kwa kiganja. "Anasema! Jamani, mtumwa wangu anasema! Nami nilidhani nimepewa bubu!" Akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa. Kwa nini hatukuoni chumba cha vitabu?"

Nikamwambia ukweli kuhusu mkono wangu. Hakucheka hilo. Tangu siku ile alinisomea madaftari yake polepole chini ya karabai, nami nikaandika, huku akinitukana kila nikimaliza ukurasa. Mtihani nilipita, kwa shida, lakini nilipita.

Miaka mingi baadaye mama alipofariki, tulikuwa tumebeba jeneza tukienda makaburini, mzee mrefu mwenye mvi akatuzibia njia. "Hapiti mtu! Huyu mama ana deni langu, kapu la mapichi!" Nililia na kucheka kwa pamoja. Alitoka Tabora kuja kunizikia mama.

Nasikia sasa unakwenda chuo kikuu hapo bondeni kutafuta shahada yako ya pili. Mtakuwa watu wazima, kila mmoja na haya zake, na haya za mtu mzima ni nzito kuliko za mtoto. Maktaba iko wazi, ingia, hata kama unasoma polepole. Meza ya chakula usiikimbie. Atakayekutania msikilize vizuri kabla hujakasirika: akigawa na wengine, akikuachia na wewe lako, huyo si adui. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini dhiki haimleti rafiki, humkuta tayari amekaa.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie mkono na ulimi. Akuepushe na kitanda cha upweke. Na kapu lako lisifike chumbani likiwa limejaa.