Wa Kumlaumu Hapokei Simu

Jamani, leo nusura nipigwe kwa ajili ya alizeti za watu!

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua mafuta hapa Mandewa. Asubuhi nawasha kompyuta, inaniambia leseni ya programu imeisha, nimpigie muuzaji.

Nampigia. Hapokei.

Na magunia yote stoo yameandikwa namba tu. Majina ya wenyewe yamefungiwa humo humo kwenye programu.

Nje sauti za wakulima wenye alizeti zinapanda. "Binti, alizeti yangu umempa nani?" Baba mmoja wa Ihanja akaanza kusukuma mlango.

Mwaka jana nilimwomba bosi wetu, Mzee Ramadhani, tutumie programu huria. Ni ya bure, na hakuna mtu wa kukufungia.

Akanijibu, "Cha bure kikiharibika, nitamlaumu nani?"

Tukabaki na hii ya leseni.

Basi mama mmoja wa Mgori akampita yule baba, akaenda moja kwa moja kwenye magunia yake. Midomo yote kaifunga kwa vipande vya kitenge chake kilichochakaa.

"Haya yangu. Mnagombana nini?"

Kumbe kila mtu ana kitambaa chake cha alama kwenye magunia! Hadi saa sita mchana, kila mmoja ameshika magunia yake.

Nageuka, bosi yuko mlangoni, simu sikioni, bado anampigia muuzaji.

"Shikamoo mzee. Yule wa kumlaumu, amepokea?"

"Marahaba," akajibu. Basi, akapiga tena.

Niambieni ukweli, kesho niende kazini au nisiende?